Winchi ya ami, na vita ambavyo havikuwepo

Ami yangu alipofariki alituachia kiwanja kule Jomvu, Mombasa, na katikati ya kiwanja kumesimama winchi. Sisemi winchi ya gereji ya kuinulia injini, nasema kreni nzima, magurudumu manne, mkono wa vyuma vilivyosukwa kama ngazi umelala kuelekea ukuta wa jirani, imekaa pale tangu niko nasari na kuku wanataga ndani ya kebini. Watoto wote wa mtaa tumewahi kuipanda na wote tumewahi kuchapwa kwa kuipanda.

Naandika haya kwa sababu mwezi uliopita kijana mmoja wa Miritini ameniuliza anajuaje kreni ya kale ni ya nani na ya mwaka gani, kuna moja anataka kuinunua, nikaanza kumjibu kwa voice note mpaka simu ikaisha chaji. Afadhali niyaweke yote pamoja, na makosa yangu ndani yake, maana makosa ndiyo mengi.

Mwaka ni 2022. Mnakumbuka Januari ile serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima, halafu Mei ikafungua tena. Zilipofunguliwa tu, watu wa skrepu walikuwa na njaa, wakaingia kila uwanja. Mmoja akaja kwetu, akaizunguka winchi mara mbili, akaipiga teke gurudumu, akasema shilingi 32 kwa kilo na kwa macho yake hii haizidi tani 9. Kikao cha familia kikaketi jioni hiyo hiyo. Mke wa ami alikuwa tayari, mabinamu walikuwa tayari, mimi ndiye niliyesimama nikasema hapana, hii si skrepu, hii ni mali ya kihistoria, hii ni winchi ya jeshi la Mwingereza ya Vita vya Pili.

Sasa ushahidi wangu ulikuwa gani? Rangi ya kijani. Maneno ya ami, ambaye Mungu amrehemu alikuwa akipenda kutia chumvi. Na spana moja kubwa niliyoiokota ndani ya boksi la vyombo nyuma ya kreni, imechorwa kishale kidogo, kile kishale ambacho Waingereza walikuwa wakigonga kwenye mali ya serikali yao, hasa ya jeshi. Nikajua hapo nimemaliza kesi.

Na hadithi ilikuwa tamu jamani. Nilijua kwamba mwaka 1942, baada ya Wajapani kupiga Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwezi wa Aprili, Mwingereza alihamishia meli zake za kivita za mashariki hapa Kilindini, bandarini Mombasa. Nilijua pia kuwa baada ya vita walianza kujenga ghala kubwa la jeshi pale Mackinnon Road mwaka 1947, na haikufika miaka mingi wakaliacha. Basi kichwani nikaishona kanzu nzima: winchi ilishuka na manowari, ikaenda Mackinnon Road, ikauzwa mnada, ikamfikia ami. Hakuna mtu aliyeniambia hayo. Nilijiambia mwenyewe, nikajiamini.

Familia ikanipa miezi mitatu.

Kosa la kwanza nilifanya siku ya pili. Nilisoma mahali kwamba magari ya jeshi la Uingereza yalikuwa na namba zilizopakwa kwa rangi, wakati wa vita herufi moja mbele kulingana na aina ya gari halafu tarakimu, na kuanzia 1949 tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili, na zile za jeshi la anga herufi zikianza na A. Nikasema basi namba iko chini ya rangi hii, tuifuate. Nikaazima grainda kwa welda, nikaweka brashi ya waya, nikashambulia mlango wa kebini upande wa kulia. Dakika 20 chuma kikawa cheupe kinameta kama sufuria ya harusi, na nikasimama pale naangalia chuma kitupu, ndipo ikaniingia akilini kwamba namba iliyopakwa kwa rangi nayo ni rangi. Kama iliandikwa kitu pale, niliila mimi kwa grainda. Na lile vumbi nikalivuta bila hata leso, wakati rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi (lead) ndani. Nilikohoa wiki.

Kwa hivyo wewe usiguse grainda. Nitasema baadaye kinachofaa.

Kosa la pili bado hucheka nikilikumbuka lakini wakati ule sikucheka. Ndani ya kebini, chini ya kiti, kulikuwa na kibati kimefungwa kwa riveti, kimepakwa rangi juu mara sijui ngapi. Nikakisugua kidogo nikaona herufi S-T-E-E-L-S na neno engineering. Nikasema ah, hiki kinasema tu vitu vya chuma, ni tangazo la kiwanda cha mabati. Nikakiacha! Nikaendelea kutafuta jina la kreni kwingine kwa wiki tano, nikawa naomba wanaojua mitambo ya kale huko Uingereza waniambie hii ni nini, nawatumia picha za rangi ya kijani na magurudumu, na wao wananijibu kwa upole kabisa, tuma picha ya bamba la kiwanda, na mimi nawajibu bamba hakuna.

Steels ni jina la watu. Steels Engineering Products ya Sunderland ndio walioinunua kampuni ya Coles mwaka 1939, na Coles ndio waliokuwa wakitengeneza kreni tangu 1879, kwanza London, halafu Derby. Kwa hivyo ukiona kibati kimeandikwa Steels na Sunderland, umeshika Coles ya kuanzia 1939 kuja mbele, na ukiona Derby umeshika ya kabla ya hapo. Jibu la swali langu lote lilikuwa chini ya makalio ya kuku.

Kabla sijajua hilo nikafanya kosa la pesa. Jamaa mmoja fundi wa dizeli alikuja akatazama injini akasema hii ni Perkins ya silinda sita. Mimi kwenye kusoma kwangu nilikuwa nimekutana na Perkins P6, injini iliyoanza kuuzwa 1937, na kwa mtu anayetaka vita 1937 ni mwaka mzuri sana. Sikuuliza zaidi. Nikaagiza seti ya gasketi ya P6 kutoka nje, shilingi 27,500 pamoja na usafiri, niwashe injini kabla mnunuzi hajaja. Ikafika baada ya wiki nne. Tukafungua kichwa cha silinda. Matundu ya gasketi na matundu ya injini yalikuwa hayajuani hata kwa salamu. Aliyeniuzia akakataa kurudisha, na kwa haki yake, mimi ndiye niliyeandika P6 kwenye oda.

Injini ilikuwa 6.354. Ile namba ni inchi za ujazo, 354, ni kama lita 5.8, na imeanza kutengenezwa 1960. Namba iliyogongwa ubavuni mwa bloku ilikuwa ikianza na 354 muda wote ule, imezibwa na grisi na manyoya. Yaani dakika tano za kitambaa na dizeli zingeniokolea 27,500.

Hapo tena nikachanganyikiwa upande mwingine, nikasema basi kreni ni ya baada ya 1960. Nayo si kweli. Injini hubadilishwa. Mtambo uliofanya kazi miaka 30 katika chumvi ya bahari umeshabadilishwa injini, magurudumu, waya, taa, pengine hata kebini. Namba ya injini inakuambia umri wa injini, basi.

Halafu nati. Nilikuwa na seti ya spana za milimita, nikaona nati zinakaribia kuingia, 14 inalegea, 13 haipiti, nikatumia 14 na nguvu. Niliviringa vichwa vya nati saba. Mitambo ya Kiingereza ya zama zile ni Whitworth, vipimo vya kale vya Kiingereza vya nati na bolti, na kichekesho cha Whitworth ni kuwa namba iliyo kwenye spana sio upana wa mdomo wa spana, ni unene wa bolti yenyewe, kwa hivyo spana iliyoandikwa nusu inchi mdomo wake ni mpana kuliko nusu inchi. Uzi wake nao una pembe ya digrii 55, wa milimita ni 60, ukilazimisha bolti ya huku iingie kule itaingia raundi mbili, itang'ang'ana, itaharibu zote mbili. Ila hili nalo ni dalili ya bure kwako. Ukikuta Whitworth mwili mzima halafu sehemu moja ina nati za milimita au za Kimarekani, ujue pale fundi wa baadaye amepita.

Nikaenda Nairobi. Treni ya SGR wakati ule ilikuwa 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, siku mbili za kulala na kula, kutafuta kwenye makumbusho ya reli na nyaraka za taifa. Nilirudi na picha za magari moshi. Utamuuliza mtu akutafutie nini wakati huna jina la kampuni, huna namba ya kreni, huna hata jina la idara iliyoimiliki? Tuendelee.

Wakati huo maneno yakaenea mtaani kwamba kwetu kuna mtambo wa vita, na mnajua kwetu hadithi ya mercury, ati mitambo ya kale imeficha zebaki ya pesa nyingi, haifi. Usiku mmoja jamaa wawili wakaja na Probox, wanataka boksi la stima peke yake, watatoa 200,000 bila kelele. Mke wa ami akawafukuza na upawa mkononi. Asubuhi tukakuta mtu amekata nyaya mbili za shaba.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Changamwe, mstaafu wa karakana za bandarini, amefika miaka themanini na kitu. Nilipelekwa kwake na muuza kahawa. Nilimpelekea halwa, nikamwamkia, nikamweleza hadithi yangu yote ya 1942 na manowari. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akaniuliza, "Ina magurudumu mangapi?"

"Manne, mzee."

"Kuna usukani mbele, wa lori?"

"La. Unaendeshwa kutoka juu, kwenye kebini ya kreni."

"Injini ngapi?"

"Moja."

"Basi hiyo si ya ndege za vita mwanangu."

Kreni ya Coles iliyojulikana sana kwenye jeshi la anga la Uingereza wakati wa vita ni ile waliyoiita EMA, iliyokuwa ikiinua ndege zilizoanguka viwanjani, na ile ilipandishwa juu ya lori la Thornycroft Amazon la ekseli tatu, lori kamili lenye injini yake na kichwa chake. Yetu ilikuwa na ekseli mbili, injini moja iko juu, inajitembeza yenyewe polepole, ya kuzunguka kwenye gati na kwenye ghala, haikuzaliwa kwenda barabarani. Mimi nilikuwa nimeona picha za EMA mara hamsini. Nilikuwa nahesabu magurudumu ya picha lakini ya nyumbani sikuyahesabu, maana nilishaamua.

Nikamtolea spana yenye kishale. Akaigeuza geuza akairudisha. "Spana hutembea," akasema. "Kwangu ziko mbili za hizi na mimi si askari."

Alikuja Jomvu Jumamosi moja, tukamshika mkono mpaka kwenye mtambo. Kitu cha kwanza hakuangalia rangi wala bamba, alisema fungueni ubavu. Akatuonyesha: hapa hakuna klachi, hakuna mlolongo wa gia unaotoka kwa injini kwenda kila kazi. Injini inazungusha jenereta, jenereta inapeleka umeme wa DC, yaani wa mkondo mmoja kama wa betri, kwa mota, mota moja ya kuinua mzigo, nyingine ya kuinua mkono, nyingine ya kuzungusha, nyingine ya kutembea. Ndio mtindo wa Coles. Ungekuta klachi na gia tupu, akasema, ungeanza kufikiria Jones, zile za mfululizo wa KL kutoka Letchworth. Umeme peke yake hautoshi kusema ni Coles, kuna wengine nao walitumia, lakini unakupunguzia majina. Halafu ndio akauliza kibati kiko wapi, nikamwambia kile cha Steels si kitu, akanitazama vile wazee hutazama.

Sasa njia aliyonifundisha, na hii ndio ningependa uishike. Kreni ya kale ni mitambo mitatu iliyopandana: ya chini inayotembea, ya juu inayozunguka, na injini. Kila mmoja una kibati chake na namba yake na yaweza kuwa kila mmoja una mama yake. Andika namba za kila mmoja mbali mbali, usichanganye. Kibati usikwangue. Kilowanishe na dizeli usiku kucha, asubuhi kisugue na kitambaa, halafu weka karatasi nyepesi juu yake na usugue na penseli ilalie, herufi zitatokea zenyewe hata kama macho hayazioni. Namba zilizogongwa kwenye chuma zitafute usiku na tochi, taa iwe inapiga kutoka ubavuni na sio mbele, kivuli kitakusomea. Na ukipiga picha mtumie mtu picha ya mtambo mzima pande zote nne kabla ya zile za karibu, nilituma picha za nati kwa watu ambao hawajui hata mtambo una umbo gani.

Rangi ndio ikatoa jibu mwishoni. Mlango wa kulia nilishaumaliza, lakini wa kushoto ulikuwa mzima. Safari hii tulitumia msasa laini wa maji, tumefunga pua na mdomo, tunasugua kiduara kidogo kidogo huku maji yanachuruzika. Zikatokea pete kama za mti uliokatwa: kijani juu, chini yake manjano, chini yake kijivu, chini kabisa nyekundu ya kuzuia kutu. Kijani yangu ya kijeshi ilikuwa ndio ya mwisho kupakwa! Mke wa ami aliposikia akasema ndio, ami alinunua makopo hayo Shimanzi, yalikuwa bei rahisi. Nilitamani kuketi chini. Mbona hakusema? "Hukuniuliza."

Kwenye tabaka la kijivu, siku ya tatu, tukaona herufi. E, halafu A, halafu kitu kama R, na baada ya saa nzima ya msasa, H. East African Railways and Harbours, na tarakimu mbili baada yake. Shirika lile lilianza 1948 na likagawanywa 1969, reli huku na bandari kule. Kwa hivyo ile rangi ya kijivu ilipakwa kati ya miaka hiyo, na kreni wakati huo ilikuwa kazini kwa shirika, uwezekano mkubwa hapa hapa Kilindini. Mzee akaweka kidole juu ya ile H akasema hizi zilikuwa kadhaa, makuli walikuwa wakizipa majina ya wanawake.

Sikupata vita. Nilipata kreni ya bandari.

Jambo moja la usalama nisije nikalaumiwa. Kwenye kebini kulikuwa na jedwali la mizigo, namba kubwa ya juu ni tani 6, na binamu yangu akataka tuwashe tuinue lori bovu la jirani. Soma jedwali lote. Safu moja ni umbali kwa futi kutoka katikati ya kreni mpaka kwenye kulabu, nyingine ni mzigo kwa tani na cwt, na cwt ni ratili 112, ishirini zake zinafanya tani moja ya Kiingereza, ambayo ni kilo 1,016. Ile 6 ilikuwa ya mkono ukiwa umesimama karibu kabisa. Mkono ukilala, namba ya mwisho ilikuwa haifiki hata tani 2. Na hayo ni ya mtambo mpya. Waya wetu ulikuwa umekatika nyuzi, roda ya juu imekwama kwa kutu. Sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka mtambo wa kuinulia ukaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, na hata kama isingetaka mimi nisingesimama chini ya ule mkono. Breki usizipulize na hewa pia, za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Tuliuza Oktoba kwa 410,000, kwa mtu wa Mazeras aliyetaka mota na jenereta, na akasema akipata moyo ataisimamisha mbele ya yadi yake. Nilimpa karatasi za penseli, namba zote tatu, na picha za zile herufi. Mimi nilikuwa nimetumia kama 71,000 hivi ukiweka gasketi, Nairobi, msasa, dizeli na vijana wa kusaidia, familia ikanirudishia 40,000 na maneno. Siku ya kuibeba mzee aliletwa na tuktuk akakaa kivulini akaangalia lobedi ikiipakia, akaomba kitu kimoja tu kwa mnunuzi, kibati kisitolewe pale kilipo.

Gasketi za P6 bado ninazo, mwenye injini hiyo anitafute. Na ile spana yenye kishale iko kwenye droo jikoni, haifungui nati hata moja nyumbani kwetu.